Sare za Siku Moja

Mwenyekiti, wazazi wenzangu, na wewe mama uliyenipisha kiti ingawa miguu yako mwenyewe imevimba, nashukuru. Sitakaa. Nikikaa nitaanza kupumzika, na nilichokuja kusema hakisemwi na mtu aliyepumzika.

Wengi mnanijua. Mimi ni fundi wa cherehani. Nashonea kule Kawangware, upande wa kuelekea Satellite, katika chumba cha mbele cha ploti moja yenye geti la bluu. Wiki iliyopita wawili kati yenu walikuja kwangu na kitambaa hiki mnachokiona mezani. Wakaniambia, 'Fundi, Alhamisi ijayo wageni wanatoka ofisini kuja kuangalia masomo ya jioni ya watoto wetu kule kwetu Gatwekera, Kibera. Wakiridhika, tutaingizwa kwenye bajeti. Tushonee watoto sare, wasituaibishe.' Nikakipokea. Nikachukua vipimo. Nikachora hata mistari ya chaki. Halafu nikaweka mkasi chini.

Leo nimetembea kutoka Kawangware nikiwa nimekibeba kichwani, na hakijakatwa hata pembe. Naona baadhi yenu mnatazamana. Ngojeni kidogo. Nitawaeleza kwa nini, na nitaeleza kwa utaratibu, maana jambo hili nikilianza katikati mtadhani ni maringo ya fundi. Sitamtaja mtu kwa jina. Mwenye kosa kubwa ndiye huyu aliyesimama mbele yenu, na jina lake mnalijua.

Mimi ni mtu wa ziwani, kama wengi humu ndani. Nilikuja Nairobi nikiwa na binti mmoja, nikamwacha kijijini kwa mama yangu. Chumba changu kilitosha kitanda na cherehani. Mtoto na cherehani visingeenea pamoja, na cherehani ndiyo iliyolipa kodi. Nawaambia hivyo hivyo ilivyokuwa. Sikulia siku ile na sitalia leo.

Kule kwetu shule hufungwa saa kumi. Saa kumi mama yuko shambani, baba yuko Nairobi au kaburini, bibi yuko ufukweni anaanika omena, wale dagaa wa ziwani. Basi watoto nao hushuka ufukweni kugeuza omena juu ya nyavu kuukuu, wapate za kubeba mkononi. Giza likiingia wanarudi wananuka samaki, wanakula, wanalala. Kitabu kinabaki kwenye mfuko tangu kengele ya mwisho mpaka kengele ya kwanza. Mwalimu akiuliza kesho yake, mtoto anatazama miguu yake. Ukienda hivyo miaka mitatu, mtoto mwenyewe anaamini kwamba yeye si wa kusoma.

Akatokea mke wa katekista. Kabla ya kuolewa alikuwa amefundisha. Akasema, nileteeni watoto kuanzia saa kumi mpaka saa kumi na mbili na nusu, nitakaa nao kanisani. Alikuwa na taa moja ya chemni, ubao uliopasuka, na sufuria ya uji usio na sukari. Ni hivyo tu. Lakini binti yangu, aliyekuwa darasa la tatu na hajui kuunganisha maneno mawili, baada ya miezi minane aliniandikia barua. Nilipewa na mtu wa kwetu aliyekuwa akirudi Kibera kutoka mazishini. Ilisema: 'Mama, nimesoma mpaka ukurasa wa mwisho. Bibi ana jino bovu. Mbuzi amezaa wawili mmoja amekufa.'

Ndugu zangu, mimi nimeshona nguo za harusi. Hakuna kitu nilichowahi kushika kikawa laini kama karatasi ile.

Tangu hapo barua ikaja kila mwezi. Nilizitia kwenye kopo la vifungo, juu ya cherehani, na wateja walizoea kunisikia nikisoma habari za mbuzi.

Lakini mke wa katekista alikuwa na watoto wake, na mafuta ya taa hayatoki mbinguni. Akatuma ujumbe kwamba hataweza kuendelea bila kulipwa chochote. Wakati ule, mwaka uliofuata ule uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, kila ofisi ilikuwa ikisema wazazi wachangie. Tukafikiria kufanya yale tuliyoyazoea. Tulikuwa na chama chetu cha watu wa nyumbani, walioko Kibera na walioko Kawangware, tunakutana Jumapili ya kwanza ya mwezi. Mwenyekiti wetu akasema, 'Tuitishe harambee, tutafute mheshimiwa aje.'

Kulikuwa na mzee mmoja kati yetu aliyekuwa tarishi katika jumba kubwa mjini. Kazi yake ilikuwa kubeba chai na mafaili kutoka mlango hadi mlango. Akacheka, akasema, 'Harambee mlifanya juzi. Hiyo pesa iko wapi? Ililiwa na mafuta ya miezi mitatu. Serikali ina fungu la shule za mashambani. Mstari uko ndani ya makadirio ya bajeti. Lakini lazima mtu aombe.'

Mwenyekiti akamjibu, 'Basi tutaomba Juni, bajeti ikisomwa.'

'Juni? Juni inasomwa tu, buda. Inapikwa huku nyuma, Oktoba, Novemba. Nyinyi kila mwaka mnakuja na sahani wakati sufuria imeshaoshwa.'

Sisi bajeti tuliijua kwa redio, siku moja kwa mwaka, na tulichokuwa tukingoja ni kusikia kama sukari imepanda. Hatukujua kwamba ni kitu ambacho mtu wa Gatwekera anaweza kwenda kugonga mlango wake.

Tukaenda kugonga. Sitawachosha na hadithi ya yale mabenchi. Aliyewahi kukaa kwenye benchi la ofisi ya serikali anajua jinsi ukuta wa mbele unavyoweza kusomeka kuliko gazeti. Tuliandika barua, ikarudishwa kwa sababu haikupitia wilayani. Tukaipeleka wilayani, ikakaa. Tarishi wetu akaitafuta, akaikuta chini ya faili la ujenzi wa daraja. Mara nne niliacha cherehani nikapanda ngazi za jumba lile nikiwa na nyuzi kwenye sweta. Hatimaye jibu likaja. Afisa mmoja atakwenda kijijini kuangalia masomo hayo kwa macho yake, kisha ataandika ripoti, na ripoti ndiyo itakayosema kama mstari wetu utaingia au hautaingia.

Hapo ndipo mimi nilipoanguka. Sikilizeni vizuri, maana nilianguka kwa kujitahidi.

Siku barua hiyo iliposomwa chamani, hakuna aliyeuliza, 'Afisa anataka kuona nini?' Sote tuliuliza, 'Afisa atakalishwa wapi?' Mnajua tulivyolelewa. Mgeni akija, kuku mwenye kutaga ndiye anayekufa. Kikombe chenye ufa kinafichwa. Mtoto mwenye suruali iliyochanika anatumwa kisimani mpaka mgeni aondoke. Mmoja akasema ataazima mabenchi ya sekondari. Mwingine akasema duka la mjomba wake lina karabai. Mimi nikasimama, kwa sauti hii hii, nikasema, 'Watoto niachieni mimi. Nitawashonea sare wote.'

Wakanipigia makofi. Nawaambia, makofi yale niliyasikia mgongoni siku kumi nikiwa nimeinamia cherehani. Kitambaa kilikuwa cha kuchanga, muda ulikuwa mfupi, uzi ulikuwa haba. Basi nilishona kwa mishono mirefu, ile fundi anayotumia kushikiza tu kabla ya kushona kwenyewe. Kwa mbali huioni. Nilijua kabisa kwamba haitavumilia kufuliwa. Nikajiambia, inatosha, ni kwa siku moja.

Nikasafiri na furushi. Mama yangu alikuwa ameazima vikombe katika nyumba tano, kila kikombe amekifunga uzi wa rangi yake kwenye mkono ili asichanganye wakati wa kurudisha. Mabenchi yalikuwa yamefika. Karabai mbili zilikuwa zinaning'inia kwenye boriti. Mke wa katekista alivaa viatu vya dada yake. Aliniuliza polepole, 'Fundi, na ile taa yangu niiweke wapi?' Nikamwambia, 'Iweke nyuma ya madhabahu.'

Afisa akaja na gari lenye vumbi. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye daftari dogo. Watoto wakaimba. Uji siku ile ulikuwa na maziwa. Karabai zikavuma, na kanisa likawa jeupe kama dispensari. Afisa akapita katikati ya mabenchi, akasimama mbele ya binti yangu. Akamuuliza, 'Msichana, kila siku mnasoma kwa taa kama hizi?'

Binti yangu hakumtazama yeye. Alinitazama mimi. Nilikuwa nimesimama kando ya mlango.

Nikatikisa kichwa cha ndiyo, hivi. Kidogo sana.

Akasema, 'Ndiyo, mwalimu.'

Afisa akaandika. Akala kuku, akashukuru, akaondoka. Na mimi nikaona kwamba kazi imefanyika vizuri.

Kama mwezi mmoja na nusu baadaye, tarishi wetu alikuja chamani akiwa amechelewa. Hakukaa. Akasema ameiona ripoti, na maneno ya mwisho ameyasoma mara mbili ili asikosee. Yalikuwa maneno mawili: 'Jamii inajiweza.'

Mwenyekiti wetu akapiga makofi. Ndiyo, mnacheka, lakini alipiga makofi, na sisi tukamfuata. Akasema, 'Mmeona? Wametusifu.'

Tarishi hakungoja tumalize. Akasema, 'Mnashangilia nini, watu wangu? Mtu anayejiweza anapewa ya nini? Mstari wenu umekatwa. Umepelekwa shule nyingine, kule ambako afisa alikuta watoto wamekaa kwenye mawe.'

Sijui kama mmewahi kuona watu thelathini wakiacha makofi katikati, wote bado wameinua mikono.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kwa haraka, na sitayapamba. Mke wa katekista alifunga masomo kabla ya mvua. Watoto wakarudi ufukweni. Sare zilifuliwa mara moja, zikafunguka kwenye mabega na pembeni, mama akazikata kuwa vitambaa vya kushikia sufuria. Chamani walianza kutafuta mwenye kosa. Mmoja alisema ni mabenchi, mwingine akasema ni karabai. Jumapili moja mama mmoja alinigeukia akasema, 'Nyarwa, sare zako ndizo zilizotumaliza.' Nyarwa, yaani binti yetu. Alilitamka neno hilo la nyumbani kama mtu anayekuondolea kofia kichwani.

Nilitoka, sikurudi tena. Niliacha chama, kisha nikaacha kanisa, maana walikuwa watu wale wale. Mteja akija na kitambaa cha sare, nilimwambia sishoni sare, mashine haiwezi. Mashine ilikuwa inaweza.

Lakini hayo yote ningeyavumilia. Kilichonishinda ni barua. Mwezi wa kwanza haikuja. Mwezi wa pili haikuja. Mwezi wa tano ikaja moja, na mwandiko ulikuwa wa jirani. Ilisema mama hajambo, mtoto hajambo, ila ameambiwa arudie darasa. Nikamtumia mama ujumbe, mbona mtoto haandiki mwenyewe? Jibu likaja na mtu, kwa mdomo: 'Anasema hana la kusema.'

Alikuwa na miaka kumi na moja. Ndugu zangu, mtoto wa miaka kumi na moja ana la kusema kila siku. Ana mbuzi. Ana jino la bibi. Nilijua kwa nini hakuniandikia. Mara ya mwisho alipokuwa na la kusema alinitazama, nami nikampa uongo auseme.

Sasa nawaleta mahali nilipogeuka, na hapakuwa mahali patakatifu. Palikuwa kando ya mtaro wa maji machafu.

Mwenye ploti ninapopanga ni mama mtu mzima, mwenyeji wa Kawangware, baba yake alikuwa na shamba pale kabla hapajakuwa na mabati. Ana ulimi. Asubuhi moja nilitoka na ufagio, mtaro wa mbele ulikuwa umefurika tena, nikaanza kuondoa uchafu. Akanipigia kelele kutoka mlangoni.

'Wee fundi, wacha hiyo kitu. Weka ufagio chini.'

Nikamwambia, 'Mama, inanuka.'

'Si ndiyo nataka inuke. Leo watu wa kaunsili wanakuja. Mara ya kwanza walikuja nikiwa nimefagia kama mjinga, wakasema mtaro uko sawa, wakaenda. Mara hii nimeacha siku tatu.' Akaingia ndani, akatoka na kiti, kiti kizuri cha sebuleni, akakiweka kando kabisa ya mtaro. 'Na huyo mkubwa wao atakaa hapa. Nitamletea chai. Nitamwambia, kunywa pole pole, hakuna haraka.'

Nilicheka. Ilikuwa muda mrefu sijacheka. Halafu kicheko kikakatika katikati, nikakaa chini, pale pale kwenye ngazi, na nikamweleza yote, kwa sababu hakuwa mtu wa kwetu, na sikuona haya mbele yake. Nilimweleza sare, karabai, kichwa nilichotikisa.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakusema pole. Alisema, 'Kumbe wewe ulivalisha mtaro gauni.'

Kisha akasema, 'Sasa unangoja nini? Enda umwambie.'

'Nimwambie nani?'

'Huyo wa daftari. Yeye aliandika vile aliona. Wewe ndiye ulimwonyesha.'

Nilikaa siku mbili na maneno hayo. Niliogopa. Nilikwenda kwanza kwa aliyekuwa mwenyekiti wetu, kwa heshima, nikamwambia ninachotaka kufanya. Alikataa katakata. Alisema nikienda kukiri kwamba tulidanganya ofisi, jina la lokesheni yetu litawekewa alama na hatutapewa hata chaki mpaka wajukuu. Pengine alikuwa na haki. Nilimwambia tu kwamba Oktoba imefika, na kwamba sufuria iko motoni.

Tarishi alinionyesha mlango. Niliingia na kopo la vifungo mkononi, lenye zile barua za mtoto, sijui hata kwa nini nililibeba. Afisa alinikumbuka. Alisema, 'Wewe ni yule fundi. Watoto walikuwa nadhifu sana.'

Nikasema, 'Mzee, sare zile nilishona mimi kwa ajili yako. Zilikuwa za siku moja. Mabenchi yalikuwa ya sekondari. Karabai zilikuwa za duka. Taa yao ilikuwa nyuma ya madhabahu. Na mtoto uliyemuuliza ni wangu. Nilimtikisia kichwa.'

Aliweka kalamu chini. Akauliza, 'Mbona hamkuniambia?'

'Ulikuwa mgeni,' nikamwambia. Sikuwa na sababu nyingine.

Hapo uso wake ulilegea. Alisema, 'Mimi pia nina mama kijijini. Akisikia mgeni anakuja, sufuria iliyotoboka anaificha chini ya kitanda. Namwelewa. Lakini mama, mimi naandika kilicho mezani. Siwezi kuandika kilicho chini ya kitanda.' Akavuta daftari. 'Nitarudi. Siku sitakwambia. Na usitume neno nyumbani kwamba nakuja.'

Sikutuma. Katika kazi nzito nilizowahi kufanya, hiyo ndiyo nzito zaidi: kukaa Kawangware na mdomo wangu, nikijua kwamba siku yoyote mgeni ataingia nyumbani kwa mama yangu na kukuta vikombe viwili.

Niliombwa tu jambo moja na tarishi, nimwombe mke wa katekista, bila kumtaja mgeni, afungue tena masomo, hata kwa wiki chache, hata bila uji. Alikubali. Alifungua na watoto kumi na wanne. Afisa alifika siku ya mvua, amelowa hadi magoti, gari limekwama barabarani. Yaliyotokea niliyasikia baadaye kwa mama. Alikuta watoto wamekaa kwenye mkeka mmoja, wamezunguka taa moja ya chemni, na wale wa nje ya duara wanasoma kwa kusikiliza. Mama yangu alitaka kukimbia kutafuta kuku. Alimzuia. Akainama kwa binti yangu, akamuuliza swali lile lile. 'Kila siku mnasoma kwa taa kama zile nilizoziona mara ya kwanza?'

Binti yangu alitazama mlangoni. Mimi sikuwapo mlangoni.

Akasema, 'Hapana. Zile zilikuja kwa sababu yako.'

Juni ile nilisikiliza redio bila kungoja bei ya sukari. Waziri hakutaja kijiji chetu, bila shaka. Hakutaja hata taa. Lakini tarishi alikuwa ameniambia kwamba katika kile kitabu kinene, katika ukurasa wa shule za mashambani, kuna mstari mmoja, na ndani ya mstari huo tumo. Hatukupewa yote tuliyoomba. Tulipewa posho ya mwalimu na mafuta ya taa. Uji ulikatwa. Uji tunachanga mpaka leo, na mwaka huu tumeuomba tena, Oktoba, si Juni.

Na barua ikaja. Mwandiko ulikuwa umekua, herufi zimelala kidogo upande mmoja. Haikusema amenisamehe, wala sikutegemea iseme. Ilisema: 'Mama, yule mtu mrefu alianguka kwenye tope, hatukucheka mpaka akaenda. Jino la bibi limetoka.' Imo kwenye kopo. Sasa yuko darasa la nane, anaandika barua ndefu zinazonichosha macho, na ananiuliza maswali ambayo namwambia aulize mwalimu.

Nina watu wa kuwashukuru. Namshukuru mke wa katekista, aliyefungua mlango mara mbili. Namshukuru tarishi, aliyetufundisha sote miezi ya mwaka. Namshukuru afisa, aliyekubali kulowa. Namshukuru hata mwenyekiti wetu wa zamani, kwa sababu siku mstari ulipoingia alikuja mwenyewe hadi Kawangware, akasimama mlangoni kwangu, akasema, 'Fundi, rudi chamani,' na akanywa chai yangu mpaka ikaisha. Mwenye ploti hayupo hapa, leo ni siku yake ya kukusanya kodi. Nitamfikishia. Mtaro, kwa habari yenu, ulizibuliwa.

Somo langu ni dogo. Kufagia kwa ajili ya mgeni ni adabu. Lakini huyu anayekuja Alhamisi haji kwa chai. Anakuja kupeleka habari zetu mahali ambapo sisi hatuingii, na atapeleka zile tu atakazozikuta. Tukimfichia, tumewafichia watoto.

Kwa hiyo kitambaa chenu hiki hapa, kihesabuni, hakipungui. Wageni wakishaondoka, nileteeni tena. Nitashona sare zote bila malipo, kwa mishono mifupi, za kufuliwa mpaka rangi iishe. Ila si kabla ya Alhamisi. Siku hiyo msiazime mabenchi ya kanisa la jirani. Ile karatasi ya nailoni iliyoziba tundu la paa, iacheni. Mgeni akija mpeni mahali pa kukaa, na pawe pale pale anapokaa mtoto.

Na akimuuliza mtoto wako swali, nakuomba, mama, nakuomba, baba. Tazama pembeni.